Mbwa Askari na Rafu ya Maktaba Yetu

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu. Msemaji ni mkutubi mstaafu na mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Tunaichapa kwa ombi la wengi. – Mhariri)



 Barua ya Katibu ilinitaka nizungumzie "Elimu na Maendeleo". Hilo ni jambo zuri, na wasemaji walionitangulia miaka iliyopita wamelieleza vizuri hata sina la kuongeza. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitazungumza juu ya mbwa. (Kicheko.)

Msicheke mapema. Mbwa mwenyewe ni askari polisi, na habari zake zinahusu fedha zenu.

Mnakumbuka kwamba michango ya mwaka huu imetengwa kwa ajili ya maktaba ya shule. Mwalimu wa maktaba ameomba sehemu ya fedha hizo inunue vitabu vya hadithi za picha kwa ajili ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Baadhi ya wenzetu katika Kamati wamepinga. Mmoja wao, ambaye namheshimu sana, amesema kwamba hakutoa fedha yake ili watoto wasome habari za mbwa na paka. Uamuzi utafanywa leo mchana. Mimi nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka thelathini, na naomba nimtetee mbwa huyo kabla hajahukumiwa.

Kitabu nitakachokitumia kuwa mfano kinaitwa Dog Man, yaani Mbwa-Mtu. Mtungaji na mchoraji wake ni Mmarekani, Dav Pilkey. Kilitolewa mwaka 2016, kikafuatwa na vingine, na kufikia mwisho wa mwaka 2025 vilikuwa 14. Mwaka huo huo wa 2025 ilitoka na sinema yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Palikuwa na askari mmoja na mbwa wake wa polisi aitwaye Greg. Siku moja paka mwovu, jina lake Petey, akawategea bomu, nalo likawalipukia. Walipofikishwa hospitali ikaonekana kwamba kichwa cha askari hakiponi, wala mwili wa mbwa hauponi. Muuguzi akatoa shauri: kwa nini kichwa kizima cha mbwa kisishonwe juu ya mwili mzima wa askari? Ikafanyika hivyo. Akainuka kitandani askari mpya, mwili wa mtu, kichwa cha mbwa, na kofia ya polisi juu yake. Wezi wote wa mji wakajua wamekwisha.

Tabu ni kwamba kichwa ni cha mbwa. Mbwa-Mtu hawezi kutamka neno hata moja, hubweka tu. Akiuona mpira unarushwa huacha kazi ya serikali akaukimbilia. Akifurahi humlamba usoni Mkuu wa Polisi, mzee mwenye hasira ambaye humgombeza kila siku lakini hawezi kuishi bila yeye. Yule paka Petey hufungwa katika gereza la paka, akatoroka, akakamatwa, akatoroka tena. Humo mna soseji zinazopata uhai na kuushambulia mji, mna samaki mwenye uwezo wa kuinua vitu kwa akili yake tu, na mna majumba yanayoanguka kwa kishindo lakini mara nyingi wote huinuka wakajipangusa vumbi.

Ni upuuzi? Naam, ni upuuzi. Lakini ngojeni niwasimulie kisa kimoja katika kile kitabu cha kwanza. Petey anachunguza kwa nini hashindi, akagundua kwamba watu wanaomkamata ni werevu kwa sababu wanasoma. Basi anatengeneza dawa ya kufuta maneno yote katika vitabu, ili watu wote wawe wajinga naye aibe kwa raha zake. Nawauliza wajumbe wa Kamati: ni kitabu gani chenye jalada gumu katika maktaba yetu kinachomweleza mtoto wa miaka kumi na mitatu faida ya kusoma kwa maneno machache kuliko hayo? Hata paka mwizi anajua thamani ya maktaba. (Makofi.)

Sasa tumwangalie mtungaji, maana historia yake inawahusu walimu na wanafunzi waliomo humu ndani.

Dav Pilkey alizaliwa mwaka 1966 huko Cleveland, katika jimbo la Ohio. Alipokuwa katika shule ya msingi ilionekana kwamba ana matatizo mawili. La kwanza, herufi zilimchanganya machoni, hivyo kusoma kwake kulikuwa kwa shida. La pili, hakuweza kutulia wala kuyaweka mawazo yake mahali pamoja. Alivuruga masomo kiasi kwamba walimu wakawa wanamtoa nje ya darasa kila siku na kumweka kwenye ujia. Wako wanaume hapa waliojua sana ujia wa jengo lile la pili, sitawataja. (Kicheko.)

Huko ujiani kijana huyo hakukaa bure. Alikuwa na karatasi na kalamu. Akaanza kuchora hadithi zake mwenyewe, akazibana karatasi pamoja zikawa vitabu vidogo, na wenzake wakavisoma wakicheka. Mbwa-Mtu alizaliwa huko, akiwa kazi ya mtoto wa darasa la pili aliyefukuzwa darasani. Mwalimu mmoja, kama Pilkey mwenyewe anavyosimulia, alikichukua kimojawapo akakichana, akamwambia kwamba hawezi kuishi maisha yake yote akitengeneza vitabu vya kipuuzi.

Mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na darasa zima la kufundisha, na mtoto mmoja alikuwa akilivuruga. Lakini ubashiri wake haukutimia. Nyumbani mama yake Pilkey alimwachia mtoto asome alichokipenda, hata kama ni cha kuchekesha tu. Baadaye chuoni alikutana na mwalimu mwingine aliyemhimiza achore na kuandika. Mwaka 1986 alishinda shindano la vitabu vya wanafunzi, na kitabu chake cha kwanza kikachapwa mwaka 1987. Hata jina lake lina kisa: alipokuwa kijana akifanya kazi katika hoteli ya piza, kibandiko cha jina lake kilitoka bila ile herufi ya mwisho ya "Dave", naye akaendelea hivyo hivyo mpaka leo. Mtu aliyehangaishwa na herufi tangu utotoni aliona afadhali kupunguza moja. (Kicheko.)

Na tazameni alivyoufanya ugonjwa wake. Katika vitabu vyake mmo roboti shujaa aitwaye 80-HD. Ukiitamka kwa Kiingereza, inalingana na jina ambalo madaktari hulipa ile hali ya kutotulia. Jambo lililomtoa darasani amelivika chuma, akalipa nguvu, akaliweka upande wa watu wema.

Ndugu zangu, naingia sasa katika faida. Nitasema tatu.

Kwanza ni lugha. Wengi wa vijana wanaoingia Kidato cha Kwanza hapa wametoka shule za msingi walikofundishwa kwa Kiswahili. Siku ya kwanza wanakuta vitabu vyao vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao anakaa kimya miezi sita. Kitabu cha picha humshika mkono. Picha inamwonyesha paka anakimbia na mfuko wa fedha, na kando yake yako maneno manne au matano. Neno asilolijua analielewa kwa macho kabla hajafungua kamusi. Afunuapo ukurasa, amekwisha kusoma sentensi nzima ya Kiingereza bila kuogopa, na anataka kujua kama paka atakamatwa. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba mtoto anayetaka kujua kitakachofuata ameanza kusoma kweli. Yule anayelazimishwa huhesabu tu kurasa zilizobaki.

Pili ni mkono. Vitabu hivi havimwachi msomaji akae tu. Mna kurasa ambazo huzishika kwa kidole na kuzifunua upesi huku na huku, picha mbili zikawa kama sinema, mbwa akampiga teke roboti. Na mwishoni mna masomo ya kuchora: anza na mstari huu, ongeza sikio, ongeza kofia, umempata Mbwa-Mtu. Mtungaji anamwambia mtoto, na wewe unaweza. Sijui vitabu vingi vya kiada vinavyosema hivyo.

Tatu ni mlango wa vitabu vikubwa. Majina ya vitabu hivi yamefanyiwa mzaha kutoka kwa majina ya riwaya maarufu. Kimoja kinaitwa A Tale of Two Kitties, kingine For Whom the Ball Rolls, kingine Grime and Punishment. Mliosoma fasihi Kidato cha Tano mmekwisha kuwatambua Dickens, Hemingway na Dostoyevsky wakichungulia nyuma ya pazia. Mjukuu wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akimkimbia kitabu kama Petey anavyomkimbia polisi, alinikuta nacheka juu ya jalada akaniuliza nacheka nini. Nikamwonyesha kitabu cha Dickens. Hajakisoma bado. Lakini anajua kipo, na anajua kiko rafu gani. Mkutubi haombi zaidi ya hapo kwa mtoto wa darasa la sita.

Nisije nikaambiwa nimesifu tu. Wapinzani wana hoja, nami nitazijibu kwa haki.

Wanasema mna mzaha wa chooni. Ni kweli, na katika vitabu vingine vya Pilkey umezidi. Kuna shujaa wake mwingine, Captain Underpants, yaani Kapteni Chupi. (Kicheko kikubwa kwa wanafunzi.) Naona mmemfahamu mara moja. Vitabu vya Kapteni huyo viliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2012, na tena mwaka 2013. Lakini nawauliza wazee wenzangu: bwenini, taa zikizimwa, tulikuwa tukisimuliana habari za Aristotle?

Wanasema mna makosa ya tahajia yaliyowekwa makusudi. Ni kweli pia, hasa katika vile vya mwanzo, kwa kuwa vimesingiziwa kwamba vimeandikwa na watoto wawili, George na Harold. Kwa mwanafunzi wa Kiingereza hilo ni tatizo, wala silifichi. Dawa yake ni kuweka kamusi kwenye rafu hiyo hiyo, na kumpa mwanafunzi zoezi la kuyawinda makosa hayo. Kijana anayeweza kumsahihisha mtungaji wa vitabu ameanza kujiamini.

Wanasema mtungaji mwenyewe aliwahi kukosea. Naam. Mwaka 2021 kitabu chake kimoja cha mwaka 2010, kiitwacho The Adventures of Ook and Gluk, kiliondolewa sokoni kwa sababu kiliwaonyesha watu wa Asia kwa picha za dharau. Yeye na mchapishaji wake waliomba radhi hadharani. Kitabu hicho sikiombi. Kununua vitabu ni kuchagua, ndiyo maana kukawa na wakutubi.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito: kwamba vitabu vya wizi na polisi vinamfundisha mtoto wizi. Hapa nawakumbusha tulikotoka. Nani alitulea kama si Sungura? Na Sungura wetu hakuwa polisi. Alikuwa mwizi mwenyewe. Aliiba, akamsingizia Fisi, Fisi akapigwa, nasi tukashangilia mbele ya bibi. Hatukuwa wezi kwa sababu hiyo. Angalau wengi wetu. (Kicheko. Mweka Hazina alisimama akainama.) Baadaye tukamfuata Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na miaka ya 1980 akina Ndumilakuwili, Pimbi na Kipepe katika Sani. Gazeti hilo lilisomwa bweni zima mpaka likachakaa, na aliyekuwa na nakala yake alikuwa mkubwa kuliko kiranja. Nimewaona leo mabwana wawili wenye mvi, wote viongozi katika ofisi zao, wakikumbushana katuni za Sani kwa furaha isiyo kifani. Sikuwasikia wakikumbushana kitabu cha jiografia.

Lakini kati ya Sungura na Mbwa-Mtu kuna tofauti moja kubwa, nayo ndiyo iliyonifanya nisimame hapa. Sungura akishinda, hadithi imekwisha. Fisi atabaki mjinga na mlafi milele. Katika vitabu vya Pilkey mambo hayaishi hivyo. Katika kile cha mwaka 2017, Petey anaagiza mashine ya kutengeneza paka wa pili mfano wake, ili awe na msaidizi katika uovu. Mashine inamtolea kitoto cha paka. Kinamwita baba. Kinamfuata kila aendako na kuuliza "kwa nini?" mpaka anachoka. Petey anakitupa katika sanduku nje, na Mbwa-Mtu anakiokota.

Kitoto hicho kimetengenezwa kwa mfano wa mwovu, kwa hiyo kingestahili kuwa mwovu. Hakikuwa. Tena, hakikumkatia tamaa baba yake. Kitabu baada ya kitabu kinamrudia, kinamwuliza, kinampenda, mpaka yule paka aliyeshinda mabomu na magereza akaanza kubadilika. Tunaonyeshwa hata baba yake Petey, aliyemtelekeza alipokuwa mdogo, nasi tukaelewa ile hasira ilitoka wapi. Mashujaa wengine wa Pilkey humkamata mhalifu. Huyu mdogo ndiye anayeumaliza uhalifu. Na jambo hilo limeelezwa kwa namna ambayo mtoto wa miaka minane analielewa, huku akicheka.

Walimu wetu, kila mwaka mnapokea vijana ambao taarifa zao zimetangulia: huyu mtundu, huyu mzito, kaka yake alifukuzwa hapa. Nyote mnajua jinsi ilivyo rahisi kumwona kijana kwa macho ya taarifa yake. Sisemi mwache kuwatoa nje wanaovuruga; darasa ni la wote. Nasema, mkimtoa, mwacheni na karatasi na kalamu. Na mkikuta daftari la hesabu limechorwa simba mwenye miwani anamkamata fisi mla rushwa, ondoeni ukurasa huo taratibu, mumpe adhabu yake, lakini ukurasa msiuchane. Upelekeni maktaba.

Nanyi vijana, msije mkatoka hapa mkasema yule mzee katuruhusu kuchora wakati wa hesabu. Sikuruhusu. Pilkey alichora ujiani kwa sababu hakuwa na darasa, ninyi mnalo. Lakini yako masaa baada ya masomo ya jioni, na daftari hugharimu kidogo. Sungura, Fisi na Kobe bado hawajapata kazi ya polisi. Anayetaka kuwaajiri na aanze leo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa natoa pendekezo langu kwa ufupi. Fedha za maktaba zigawanywe. Sehemu kubwa inunue vitabu vya kiada na kamusi, kama Kamati ilivyokusudia. Sehemu ndogo inunue rafu moja ya hadithi za picha, za Kiingereza na za Kiswahili, zilizochaguliwa na mwalimu wa maktaba kwa uangalifu. Kila anayeazima aandike mistari mitano juu ya alichosoma. Na katika rafu hiyo hiyo yawekwe madaftari matupu kumi na penseli, kwa ajili ya watakaochora ya kwao, ili hadithi bora ichapwe katika jarida hili mwakani.

Gharama yake ni ndogo kuliko ya chakula tutakachokula leo mchana, na wali wa leo kesho utakuwa umesahauliwa. Mtoto aliyemaliza kitabu chake cha kwanza hakisahau. Huenda akawa yule asiyetulia, aliyekaa nje ujiani sasa hivi, anayetusikiliza kupitia dirishani. (Wote waligeuka kutazama. Wanafunzi walicheka.)

Naomba kutoa hoja. 

(Makofi. Baada ya majadiliano marefu, wajumbe waliamua kwamba rafu hiyo iwekwe kwa majaribio ya mwaka mmoja, na mwalimu wa maktaba alete taarifa katika mkutano ujao. – Mhariri)